Simu Aliyoipokea Lowell

"Na mtoto hajambo? Lazima sasa amekuwa mkubwa."

Ardith Venner alikuwa ameinama mbele ya kioo, anajipaka poda kabla ya sehemu ya pili ya mchezo. Mkono ukasimama hewani. Mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo alikuwa amesimama mama mmoja mzee, mkono mmoja kashika fimbo, mwingine kashika karatasi ya onyesho anajipepea. Ardith alimjua papo hapo, ingawa nywele zilikuwa zimekwisha kuwa pamba. Alikuwa Constance Kellgren, mwongozaji wa kampuni kubwa ya maigizo kule St. Paul. Miaka kumi na miwili nyuma, Ardith alikwenda kwake kufanyiwa usaili, kisha akangoja majibu mpaka akakonda.

"Mtoto gani, Bi Constance?"

"Si yule uliyekuwa na mimba yake! Mwaka ule nilipokupigia simu."

"Mbona hukunipigia?"

Mama mzee akacheka kidogo, akidhani anataniwa.

"Nilipiga, mwanangu. Mwezi wa Mei. Akapokea mumeo."

"Mwezi wa Mei mwaka ule mimi sikuwa na mume."

Kicheko kikamkauka. Twyla, mshonaji wa maleba, alikuwa amepiga magoti chini anashikiza pindo la gauni la Ardith, pini tele mdomoni. Akazitoa moja moja, polepole, bila kuinua macho.

"Sauti ya kiume," Bi Constance akasema, safari hii kwa tahadhari. "Nzito, nzuri, ya mtu wa jukwaani. Akaniambia, 'Mke wangu ni mjamzito, daktari amemkataza kabisa kupanda jukwaani. Tafadhali usimpigie tena, kila akisikia habari hizi analia.' Akakata hata sijamaliza. Nikakuonea huruma, nikakuacha."

"Ulikuwa unanipigia kuniambia nini?"

"Kukupa kazi, nini tena? Mkataba wa mwaka mzima, tena nafasi za mbele. Baada ya usaili wako niliwarudisha wengine nyumbani."

"Dakika tano!" ikapigwa kelele huko nje. "Dakika tano, sehemu ya pili!"

Bi Constance akaegemea mlango.

"Nimelikoroga, eh?"

"Lilikorogwa zamani," Ardith akasema. "Wewe umefunua chungu tu. Nenda kakae, Bi Constance, utakosa mwanzo."

Mama mzee akaandika namba yake ya simu pembeni mwa ile karatasi ya onyesho, akaiacha mezani, akajikongoja kurudi kwenye kiti chake.

"Ardith," Twyla akaita.

"Usiniambie kitu. Ukiniambia kitu sitaweza kutoka hapa."

Ardith alikuwa na miaka arobaini na sita, na ishirini na minne kati ya hiyo aliimaliza kwenye majukwaa ya mikoani. Baridi ilimkuta Louisville au Rochester, popote palipohitaji mwanamke wa kufa katika sehemu ya tatu. Kiangazi alirudi hapa Vermont, kwenye ghala la shamba la ng'ombe lililogeuzwa ukumbi kando ya ziwa. Mvua ikipiga bati hapo, waigizaji husimama kungoja ipite, na nondo huingia mdomoni katikati ya maneno ya mapenzi. Kati ya mkataba na mkataba alibeba sahani hotelini. Hakuwa na jina. Alikuwa na kipaji, na waliokijua walikuwa wachache na wametawanyika.

St. Paul ndiyo ingekuwa mwisho wa kuhangaika. Majibu yalipokosekana alilia mwezi mzima, na aliyempangusa machozi alikuwa Lowell Brandt, mwigizaji mwenzake aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja.

"Achana na wale wapumbavu," Lowell alimwambia wakati ule. "Hawajui walichokiacha. Mimi najua. Nikuoe?"

Aliolewa huku macho bado yamevimba. Leo ndipo alipoelewa nani aliyeyavimbisha.

Sehemu ya pili ikakaribia kuanza. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha, mume na mke wanasherehekea miaka ishirini na tano ya ndoa, na Lowell ndiye mume. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye kochi jukwaani, nyuma ya pazia lililofungwa, tumbo kalivuta ndani, nywele kazitia rangi.

"Umekawia, mpenzi," akanong'ona.

Ardith akakaa pembeni yake. Akamtazama shingo, masikio, ule mdomo.

"Una nini?"

Pazia likafunguka.

Watazamaji wa mchana ni wazee walioletwa kwa mabasi. Siku hiyo walicheka mpaka wakashikana mabega. Ardith hakuruka neno hata moja. Aligombana alipotakiwa kugombana, akasamehe alipotakiwa kusamehe, na mwishoni akamkumbatia mume wake na kumbusu mdomoni kama mchezo unavyotaka. Ukumbi ukasimama. Wakashikana mikono, wakainama.

"Leo umewaka moto, mama!" Lowell akasema kwa tabasamu, bila kutikisa midomo.

"Nani alipokea simu ya Constance Kellgren?" Ardith akauliza vilevile, kwa tabasamu.

Mkono wa Lowell ukapoa ndani ya mkono wake. Makofi yakazidi. Ikabidi wainame tena.

Ardith alimkuta nyuma ya ghala, kwenye gati la mbao ziwani. Bado alikuwa na suti ya mchezo, ua la bandia kifuani. Watoto wa wageni wa kiangazi walikuwa wakiogelea mbali kidogo, wanapiga mayowe ya furaha.

"Lowell."

"Yule bibi kazeeka, Ardith. Atakuwa amechanganya mambo."

"Nitazame uniambie hivyo."

Hakumtazama. Akachezea lile ua la bandia kifuani.

"Nilikuwa nakupenda," akasema mwishowe.

"Sijakuuliza kama ulikuwa unanipenda. Nimekuuliza kama ulipokea."

"Nilipokea."

Ardith akakaa chini juu ya zile mbao, gauni la mchezo likatota maji.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Bafuni. Ulikuwa unaoga. Nikasema akitoka nitamwambia. Ukatoka unaimba, ukaniuliza chai iko wapi. Nikashindwa."

"Ulishindwa siku hiyo. Na kesho yake? Na mwaka wa pili? Nilipokuwa narudi usiku kutoka kwenye mgahawa ule wa Albany, nanuka mafuta ya samaki mpaka kwenye nywele, unanikanda miguu, hukushikwa hata na aibu?"

"Uongo ukishalala, Ardith, unakuwa mzito kuuamsha."

"Usiniletee maneno ya kitabuni! Mimba uliitoa wapi?"

"Ilinitoka tu mdomoni. Nilitafuta neno ambalo mtu hawezi kubishana nalo."

"Ukalipata. Na mwaka wa nne Mungu akatupa ya kweli, kisha akaitwaa. Kule hospitali Rochester wewe ulilia kunipita mimi. Mimi ndiye niliyekubembeleza! Mimi niliyekuwa natokwa damu!"

"Nilijua ni adhabu yangu."

"Adhabu yako ikapita tumboni mwangu?"

Lowell akafunika uso kwa viganja. Rangi ya nywele ilikuwa inamchuruzika na jasho, mstari mweusi shavuni.

"Kwa nini? Nipe hilo tu."

"Na mimi nilifanya usaili pale. Wiki moja kabla yako. Sikukwambia. Waliniacha kwenye ngazi, hata kiti hawakunipa. Halafu simu inalia, naambiwa wewe, wewe ndiye wanayemtaka. Nikajiona nimebaki peke yangu kwenye kile chumba, nakusoma magazetini."

"Kwa hiyo ukaona bora wote tusiwe watu."

"Niliogopa, Ardith."

"Ungeniambia unaogopa," akasema. "Ningekujibu."

Akanyanyuka, akamwacha pale.

Hakurudi kwenye nyumba ndogo ya mbao waliyopewa na kampuni. Alihamia kwenye stoo ya maleba, juu ya ghala, akatandika godoro kati ya makoti ya wafalme na nguo za maharusi. Twyla alimletea mahindi ya kuchemsha na siagi, akakaa naye sakafuni.

"Shosti, kula."

"Sina njaa."

"Kula hivyohivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wanavyosema, na mimi nguo za yule bwana nimezishona miaka tisa sikuona kitu. Basi usijilaumu."

"Nilimpikia, Twyla. Nilimuuguza mapafu. Mwaka juzi nilikataa kazi ya Pittsburgh kwa sababu wao hawakuwa na nafasi yake. Yeye alinijua mimi, mimi sikumjua."

"Unaondoka?"

"Mkataba unaisha mwisho wa Agosti. Nikiondoka leo, msimu unakufa na nyote mnarudi makwenu mikono mitupu. Nitamaliza."

Na kweli alimaliza. Kiangazi chote kilichobaki, jioni baada ya jioni, alivaa, akashuka ngazi, akamkuta Lowell nyuma ya pazia, wakaingia kwenye mwanga wakiwa wapenzi, wakatoka kwenye mwanga wakiwa hawajuani. Wenzao walijua. Katika kampuni ya watu wachache wanaokula chungu kimoja, hakuna siri inayolala njaa. Wakaacha kutaniana mezani. Lowell alianza kusahau maneno yake, na Ardith ndiye aliyemwokoa, akimpenyezea neno kwa upole mbele ya umati usiojua kitu. Hilo lilimuuma Lowell kuliko kama angemzomea.

Ujumbe wa Lowell ulikuwa ukiingia kwenye simu ya Ardith kila asubuhi.

"Ardith, nimelala kwenye kiti. Kitanda sikiwezi."

Ardith akaigeuza simu kifudifudi, akashuka ngazi.

"Nimeacha pombe tangu Jumapili. Najua haibadilishi kitu. Nimetaka tu ujue."

Kesho yake:

"Nitukane basi. Ukinitukana nitajua bado nipo."

Huo aliusoma mara nyingi. Akaanza kuandika jibu, akalifuta.

Wiki ya pili ya Agosti, alitoa ile karatasi ya onyesho, akampigia Bi Constance. Hakuwa na hakika anataka nini. Labda alitaka tu kusikia tena, kutoka kwa mwenye ushahidi, kwamba kulikuwa na mtu aliyemtaka.

"Nilikuwa nangoja simu yako," mama mzee akasema. "Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Nilitaka kuuliza... najua ni upuuzi. Ile kampuni..."

"Haipo, mwanangu. Nilistaafu, walionifuata wakaiua ndani ya miaka mitatu. Jengo limebomolewa. Sina cha kukurudishia."

Ardith akafumba macho. Alikuwa anajua, lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili.

"Upo?"

"Nipo."

"Kuna mwanafunzi wangu wa zamani anaongoza jumba moja la maigizo huko Omaha. Anatafuta mwanamke wa makamo kwa msimu wa baridi. Si nafasi kubwa. Ni mama wa kijana anayefungwa, anatokea jukwaani mara tatu tu za maana. Nikimwambia akusikilize, utasoma?"

"Nitasoma."

"Vizuri." Bi Constance akakohoa. "Kuna jambo jingine. Nimejiuliza kama nikwambie au niende nalo kaburini. Unakumbuka siku ya usaili, ulipokuwa unavaa koti utoke, uliniuliza nini?"

"Sikumbuki."

"Uliniuliza kama kuna nafasi ya mwanamume wako. Ukasema, 'Ni mwigizaji mzuri, akiwa na hofu ndipo anapoharibu.' Ukasema bila yeye hutaweza kuja."

Ardith alikuwa ameliona lile koti, lile la kijani, na mkono wake ukitafuta tundu la mkono.

"Nilikuwa nimeshamkataa," Bi Constance akaendelea. "Lakini wewe nilikutaka sana. Nikamtafutia: askari, tarishi, baba wa bibi harusi, vitu vidogo vidogo, lakini mwaka mzima, pamoja na wewe. Ndicho nilichokuwa napiga kukwambia. Nikaanza na habari yako kwa sababu ndiyo kubwa. Ya kwake ilikuwa inafuata. Akakata."

Ziwani boti ilipita, ikaacha mawimbi. Ardith alikaa dirishani mpaka maji yakatulia kabisa.

"Nisimwambie," akamwambia Twyla jioni ile. "Ni kumuua."

"Na wewe alikuhurumia?"

"Sitaki kufanana naye, Twyla."

Aliwasomea watu wa Omaha palepale stoo, mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye kofia ya mfalme, Twyla akimsomea maneno ya yule kijana mfungwa kwa sauti kavu ya mtu anayesoma vipimo vya suruali. Jibu lilikuja siku ya pili, kwenye simu yake mwenyewe, mkononi mwake mwenyewe.

"Bi Venner? Tungependa uje."

Akashindwa kusema ndiyo mpaka walipouliza mara mbili.

Asubuhi baada ya onyesho la mwisho, mafundi wakawa wanang'oa misumari ya mandhari, kuta za sebule ya kuigiza zinabebwa nje zikiwa mbao na turubai. Ardith alikwenda kwenye ile nyumba ndogo kuchukua vitu vyake. Lowell alikuwa amevifungasha tayari, masanduku mawili kibarazani. Yeye kakaa kwenye ngazi, kanyoa, kavaa shati safi. Rangi ya nywele alikuwa ameiacha, na mvi zilimfanya aonekane baba wa mtu.

"Twyla kaniambia ni Omaha."

"Ndiyo."

"Mbali."

"Ndiyo."

"Nimepata kibarua duka la rangi huku mjini. Baridi hii nitakaa. Sitapanda jukwaani." Akangoja aulizwe kwa nini. Hakuulizwa. "Ardith, miaka kumi na miwili. Yote ilikuwa uongo? Ile Louisville, umeme umekatika tumeshika mishumaa jukwaani, tukacheka mpaka tukakaa chini, ule nao uongo?"

"Haukuwa uongo. Ndiyo maana nashindwa kukuchukia, na ingekuwa nafuu."

"Basi nirudie. Nitakuwa chini ya miguu yako."

"Sitaki mtu chini ya miguu. Nilitaka mtu pembeni."

Akainama kushika sanduku. Angeondoka hivyo, na moyoni alikuwa ameshakata shauri kuondoka hivyo. Lakini Lowell naye akasimama, akashika mpini pamoja naye, na sauti yake ikapanda.

"Na wewe kuwa mkweli! Ungekwenda. Wangekuchukua wewe, wangeniacha mimi kama nilivyoachwa kwenye ngazi zile, na wewe ungekwenda. Mwezi mmoja ungeniandikia, wa pili ungenisahau. Mtu yeyote angekata ile simu. Nililinda kilicho changu!"

Ardith akaachia mpini.

"Kaa chini, Lowell."

"Sikai."

"Kaa."

Akakaa.

"Bi Constance alikuwa na maneno mawili siku ile. Wewe ulisikia moja. Nilimwambia bila wewe siendi. Siku ya usaili, nikiwa bado navaa koti. Akakutafutia kazi. Askari, tarishi, baba wa bibi harusi. Mwaka mzima, jumba lilelile, mimi na wewe. Alipiga kutuambia wote wawili. La kwako lilikuwa linafuata."

Lowell akamtazama kama mtu anayesemeshwa lugha asiyoijua. Kisha lugha ikamwingia. Uso ulianza kuporomoka kidogokidogo, kuanzia kidevuni.

"Hapana," akasema.

"Ndiyo."

"Hapana, Ardith. Usiniambie hivyo. Niambie unanikomoa."

"Nilitaka kukuficha. Lakini mimi nimejua ladha ya kufichwa."

Akatoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa jukwaani, sauti ndogo, mbaya, isiyo na umbo. Akajikunja juu ya magoti. Ardith alisimama juu yake, mkono ukataka kwenda wenyewe kwenye kile kichwa chenye mvi, kwa mazoea ya miaka. Ukafika karibu. Akaurudisha, akautumia kubeba sanduku.

Twyla alikuwa anangoja barabarani ndani ya gari, injini inanguruma.

"Vipi?"

"Nimemwambia."

"Na?"

"Sikupata raha niliyodhani nitaipata. Twende."

Omaha ilikuwa na upepo wa kukata masikio. Alikodi chumba juu ya duka la mkate, akawa mama wa kijana anayefungwa, kisha mwanzoni mwa mwaka mpya wakampa nafasi nyingine, na nyingine. Mwongozaji kijana alimwita mama, kisha akamwita Ardith, kisha akaanza kumuuliza ushauri. Watu wa mji wakaanza kumtambua sokoni. Nafasi ya malkia hakuwahi kuipata, na kwa umri wake alijua hataipata tena. Zile nafasi za St. Paul zilikuwa za mwanamke wa miaka thelathini na minne, na mwanamke huyo alipita.

Lowell alimwandikia mara moja, siku ya theluji ya kwanza. "Nimesaini karatasi za wakili wako. Sikuweka sharti."

"Asante," Ardith akajibu. Likawa neno la kwanza kumwandikia tangu Julai, na la mwisho.

Talaka ilitoka mwezi wa Machi, siku ya Jumamosi barua ikamkuta mlangoni anatoka. Alikuwa na maonyesho mawili siku hiyo, la mchana na la jioni. Aliyafanya yote mawili.